Ngozi ya Ushahidi

“Basi chagua, Mama Bénita. Ao hii ngozi itoke humu mu parsele yetu leo, ao nitaibeba mimi mwenyewe niitupe.”

“Ibebe,” Athanasie alimjibu mumewe, Nsengimana, bila kuinua kichwa. “Lakini vua kwanza hiyo shati. Maji ya majivu haicheki na kitambaa nyeupe.”

“Jumamosi ni harusi ya ndugu yangu! Watu watapita hapa kunywa, wakute kwetu kunanuka sawa abatwari ya kuchinja ng’ombe!”

“Weye ulizaliwa mu mavi ya ng’ombe kule Masisi. Leo pua yako imekuwa ya matajiri wa Himbi?”

Mama mzee aliyekaa kwenye kigoda karibu na jiko aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Alikuwa Mukamugema, jirani yao, mkimbizi wa vita vya zamani kuliko hivi. Alikuwa amekuja kuangalia ngozi, si ugomvi, lakini kwa kuwa ugomvi ulikuwepo, aliuangalia pia.

“Na maji?” Nsengimana hakutaka kushindwa mbele ya jirani. “Bénita anapanda toka Kituku, kule ku ziwa, na bidoni ku mugongo asubuhi na jioni, juu mama yake aogeshe maiti ya ng’ombe!”

“Hiyo maiti iko na jina. Iliitwa Gaju. Na ilikuwa yangu.”

Nsengimana alilipiga teke bidoni tupu lililokuwa karibu, likaenda likigonga mawe meusi ya uani hadi kwenye ukuta wa mbao. Kisha akakaa kizingitini, akaanza kusafisha viatu ambavyo tayari vilikuwa safi. Athanasie aliona hilo. Mumewe alipokuwa na hasira kweli, alitoka nje akarudi jioni. Leo alikuwa na hasira na haondoki.

Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu Habarurema, mdogo wake Nsengimana na bwana harusi wa Jumamosi, aingie katika uwanja huo akiwa nyuma ya pikipiki na gunia mapajani. Habarurema ndiye aliyekuwa akichunga Gaju huko juu, kwenye milima ya Masisi. Alishuka, akalitua gunia mbele ya shemeji yake, akapiga magoti.

“Shemeji, nisamehe. Walikuja na bunduki. Walitaka nyama.”

Hakuna aliyemuuliza ni watu gani. Katika nchi hii jibu la swali hilo halirudishi ng’ombe. Habarurema alilia machozi ya kweli, kisha akala sahani mbili za maharagwe, akaondoka.

Ndani ya gunia mlikuwa na ngozi iliyokunjwa, ngumu kwa chumvi na damu kavu. Kwa wafugaji wa milima ile, mchungaji aliyefiwa na ng’ombe wa mtu mwingine haji mikono mitupu. Anamletea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo shahidi wake kwamba mnyama amekufa, hakuuzwa wala kufichwa. Mwenye ng’ombe anaikunjua, anatafuta alama yake ya moto, na akiiona, maneno yamekwisha. Athanasie aliikunjua. Rangi ilikuwa ya Gaju, hudhurungi inayoelekea wekundu. Kwenye paja la nyuma palikuwa na alama ya baba yake, duara lenye mkia mmoja. Maneno yakaisha.

Siku ileile Nsengimana alitaka ngozi itupwe. Alisema haifai kukaa na kitu cha kifo nyumbani. Athanasie alikataa.

Gaju hakuwa ng’ombe tu. Athanasie alipoolewa, baba yake alipokea ng’ombe wa mahari, na baadaye, kama desturi inavyotaka, akamtoa mmoja wa uzao wao akamrudishia binti yake nyumbani kwake. Ng’ombe huyo wa kurudishiwa wanamwita indongoranyo. Ndiye heshima ya mwanamke katika nyumba ya watu: anayetaka kumdharau anakumbushwa kwamba hakuja mikono mitupu, na kwamba kwao wapo. Sasa kwao hapakuwa na mtu; aliyebaki ni dada yake Olive tu, aliyeolewa Kibumba. Baba yake alizikwa kwenye kilima ambacho hakuna aliyethubutu kukipanda tena, na ng’ombe wengine wote waliliwa, mmoja baada ya mwingine, na kila jeshi lililopita. Alibaki Gaju peke yake. Kila mvua zilipoanza, Athanasie alijua mahali fulani kuna mnyama anayekula nyasi kwa jina lake.

Basi hakulia sana. Alikuwa muuguzi, mwenye diploma ya miaka mitatu ya chuo iliyokuwa imetundikwa kwenye ukuta wa mbao, na alikuwa amejifunza kwamba huzuni ikiachwa hivihivi huoza kama kitu kingine chochote. Kituo alichofanyia kazi kilifungwa pale shirika lililokilipia lilipofunga ofisi zake Himbi na kuondoa magari yake meupe. Sasa alichoma majirani sindano na kufunga vidonda akilipwa unga na mkaa. Mikono yake ilikuwa na nafasi. Alisema, “Nitaitengeneza mimi mwenyewe. Nitaitandika chini ya kitanda changu. Nataka kila asubuhi nikanyage kitu cha baba.”

Tatizo ni kwamba hakujua hata kidogo namna ya kulainisha ngozi.

Alianza kwa kutafuta video kwenye simu. Alimwona mzungu mwenye ndevu, na mashine, na dawa za chupa nne ambazo Goma nzima haina. Akaizima simu, akaenda kwa muuza nyama kuomba ngozi ya mbuzi ya kujifunzia. Aliiosha, akaipaka chumvi, kisha akafanya kama alivyokuwa akiona kwao utotoni: aliitandaza chini ianikwe. Ila kwao chini ni nyasi. Goma, chini ni lava, mawe ya volkano. Saa sita mchana yale mawe meusi huwa ya moto kama kikaango, na ngozi ya mbuzi iliiva. Jioni aliiokota ikiwa imejikunja na kukakamaa, ukiigonga inalia kama mlango.

Mukamugema, aliyekuwa akipita, ndiye aliyesimama kucheka.

“Bwana we! Uko na diplome na unachoma ngozi sawa mukate?”

“Basi nifundishe, Mukecuru, weye mama mzee, badala ya kunichekelea.”

“Kwetu tulianika ku majani, na tulifunga ku miti, ipate upepo chini na juu. Hapa Goma jua ni mbili: moja iko juu, ingine iko chini. Ile ya chini ndiyo mubaya.”

Tangu siku hiyo mama mzee alikuja kila asubuhi na kigoda chake. Alimfundisha kuloweka ngozi ya Gaju katika maji mengi mpaka ikumbuke ulaini wake. Kwa kuwa ardhi ile haichimbiki shimo, walikata pipa la plastiki katikati. Waliweka humo maji ya majivu ya mkaa, si makali sana, yasije yakala ngozi pamoja na nywele; Mukamugema aliyapima kwa kuyaonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Baada ya siku tano nywele zingeachia. Baada ya nywele, kusafisha upande wa nyama. Kisha magome ya akasia yaliyopondwa, wiki baada ya wiki, maji yakiwa mekundu zaidi kila mara. Mwisho siagi, na kuisugua mpaka mikono ife ganzi.

Athanasie alifuata kila neno, ila mara moja alikosea. Siku ya kwanza, ngozi ikiwa imetolewa majini ichuruzike, mtoto wa jirani aliletwa akitetemeka kwa homa. Aliitupa ngozi juu ya mawe, akamkimbilia mtoto. Aliporudi, nusu saa baadaye, upande wa nyuma ulikuwa umelala kwenye jiwe la moto na Mukamugema alikuwa anapiga kelele akiivuta kwa mikono miwili. Waliigeuza, wakaiangalia. Haikuonekana kuharibika. Lakini Athanasie hakusahau, na mumewe, aliyekuwa pale siku hiyo, hakusahau pia.

Sasa ilikuwa Jumatano, siku ya tano ya majivu, na ngozi ilikuwa imetoka pipani. Aliitandika juu ya gogo la mkalatusi, akashika panga butu kwa mikono miwili, akaanza kukwangua kwa kusukuma mbele. Nywele zilitoka kwa mafungu mazima. Chini yake ngozi ilijitokeza ya rangi ya maziwa, laini, isiyo na aibu.

“Polepole,” Mukamugema alisema. “Sukuma, usikate. Uko unafanya sawa mutu anatia mutoto mafuta.”

“Mutoto gani anapakwa na panga?”

“Wale wa siku hizi wangehitaji.”

Hata Nsengimana alitabasamu kidogo pale kizingitini. Kwa dakika chache ilikuwa karibu asubuhi njema.

Athanasie aliigeuza ngozi ili aanze paja. Alitaka kufika kwenye alama ya baba yake kwa uangalifu, aiache ionekane. Alisukuma panga mara moja, kwa upole, juu ya duara. Alama ikamegeka. Haikukatika wala kuchanika. Ilimegeka, kama ugali uliolala majini, na panga likapita likatokea upande wa pili. Akaweka panga chini. Akagusa kwa kidole. Duara zima, na mkia wake, lilitoka vipandevipande, likaacha tundu lenye kingo zilizosinyaa.

“Unaona?” Nsengimana alikuwa amekwisha simama. “Unaona sasa? Ni mawe yako! Ulitupa ngozi ku mawe, ikaungua, na leo alama ya baba yako iko wapi? Hii kazi haiko yako. Iache! Itupwe, tumalize!”

Athanasie alilitazama lile tundu kwa karibu.

Alikuwa ameona kuungua kwa kila aina katika miaka kumi na mitatu ya kazi: watoto waliomwagikiwa na sufuria, wanaume waliolipukiwa na petroli, wanawake waliosema wameanguka motoni peke yao. Alijua kwamba mwili ulio hai ukichomwa, unajiziba. Unafanya kovu, na kovu ni gumu, linavuta ngozi pembeni yake, halioti nywele. Alama aliyochomwa Gaju akiwa ndama ilipaswa kuwa sehemu ngumu kuliko zote. Moto juu ya kitu kilichokufa hauachi kovu, unapika tu. Na hii ilikuwa imepikwa.

Lakini kosa la mawe lilikuwa lake, na mtu mwenye kosa haamini macho yake. Labda mawe yalipika hata kovu. Labda yeye, kwa mikono yake, ndiye aliyefuta kitu cha mwisho cha baba yake. Aliinama, akaviokota vile vipande, akaviweka kwenye kifuniko cha sufuria.

“Bega,” alisema mwishoni. “Nitatoa hata bega.”

“Bega ya nini?” Nsengimana aliuliza.

Hakumjibu yeye, alimwambia Mukamugema. Mwaka alioenda kumwonyesha baba yake mtoto wa kwanza, ndama mmoja alijitupa kwenye senyenge, bega la kushoto likafunguka kama mfuko. Wachungaji walisema achinjwe. Athanasie, diploma ikiwa bado mpya, alimpa baba yake mtoto amshike, akachemsha sindano, akamshona ndama yule nyuzi saba huku vijana wanne wamemkalia. Wiki mbili baadaye ndama alikuwa anacheza. Baba yake alicheka mpaka akakohoa, akasema ng’ombe aliyeshonwa na binti yangu hawezi kwenda nyumba nyingine. Ndivyo Gaju alivyochaguliwa.

“Nywele ziliota juu yake, haikuonekana,” alisema. “Lakini mimi niliipata kila mara na vidole, sawa kamba ndogo. Mawe haikugusa mbele. Nitakata kile kipande tu, nikitengeneze muzuri. Kitanitosha.”

“Mama Bénita,” Nsengimana alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. “Umechoka. Acha. Mimi nitamalizia.”

“Tangu lini unamalizia?”

Aliizungusha ngozi, akaliacha panga, akachukua kisu kidogo na kukwangua kwa mgongo wake. Nywele za bega la kushoto zilitoka. Chini palikuwa peupe. Alisogea kidole kimoja mbele. Peupe. Aliosha kwa maji safi, maji ya Kituku aliyoyabeba Bénita, akaipinda ngozi juu ya ngumi yake ili inyooke, akaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa safi kama paja la mtoto. Akafanya bega la kulia pia, asije akawa amechanganya. Huko kulikuwa na vitundu viwili vya kupe.

Mukamugema alisogeza kigoda, akaweka uso wake karibu, akapitisha kidole gumba polepole kutoka shingoni hadi kwenye mguu. Alikuwa ameshika ngozi nyingi maishani.

“Binti yangu,” alisema, “hii ngozi haijaona sindano.”

Kisha mama mzee akainuka, akachukua kigoda chake kwapani. “Mimi niliacha maharagwe ku moto,” alisema, ingawa kila mtu alijua kwamba nyumbani kwake mkaa ulikwisha Jumapili. Alitoka bila kutazama nyuma.

Athanasie alifuta mikono kwenye kitenge, kidole kimoja baada ya kingine.

“Gaju iko wapi?”

“Athanasie...”

Ilikuwa imepita miaka hajamwita kwa jina lake mwenyewe.

“Sikukuuliza jina yangu. Nakuuliza ng’ombe.”

“Baba yetu alikufa,” Nsengimana alisema. “Mimi ndiye mukubwa. Mutoto wa mama yangu anataka kuoa, nani atamutolea mahari? Wale watu wa Munigi walikataa bahasha ya pesa. Muzee Twizeyimana alisema, binti yangu hatoki na makaratasi, anatoka na ng’ombe. Sisi tuko na ng’ombe gani? Zote ziliisha! Ilibaki moja.”

“Ilibaki yangu.”

“Ilibaki ya nyumba! Indongoranyo inatolewa ku nyumba, haitolewi ku mwanamuke. Na mwenye nyumba ni nani?”

“Basi kama ilikuwa yako, juu ya nini hukuniambia? Mutu anaiba kitu yake mwenyewe?”

Nsengimana alitazama viatu vyake.

“Ungekataa.”

“Ningekataa. Ndiyo.” Alisema hivyo kama anavyosema kipimo cha homa. “Kwa hiyo mulienda abatwari mukachukua ngozi ya rangi yake. Na alama mulichoma na nini?”

“Waya,” alisema kwa shida. “Habarurema alipinda waya.”

“Akaja hapa akapiga magoti. Akalia. Nikamupakulia.”

“Alilia kweli. Haikumupendeza.”

Athanasie alikumbuka siku ya kutoa mahari, mwezi uliopita, ukumbini. Ng’ombe hakuletwa pale. Msemaji alimsifu kwa maneno ya kupendeza, pembe zake, mwendo wake, maziwa yake, na wazee wakasema watakwenda kumwona Munigi kesho yake. Waliambiwa ametoka kwa mjomba wa Rutshuru. Wanawake walipiga vigelegele. Yeye ndiye aliyeanza. Usiku uliotangulia hakulala. Alipika sufuria nne za sombe na viazi, vidole vikaungua, kwa sababu mke wa kaka mkubwa ndiye mama wa sherehe. Alimpigia vigelegele Gaju wake mwenyewe akitolewa, na hakuna kati ya ndugu hawa wawili aliyeshindwa kumeza chakula.

Na saa hizi mume huyu alikuwa amemwacha aamini kwamba ni yeye, kwa mawe yake, aliyeiunguza alama ya baba yake. Hilo ndilo lililomuuma kuliko ng’ombe. Ng’ombe, pengine, angeweza kuombwa, na pengine baada ya ugomvi wa wiki mbili Athanasie angemtoa. Lakini Nsengimana alikuwa amemtazama akiokota vile vipande.

“Sikiliza,” Nsengimana alisema. Alikuwa amesogea, mikono mbele, kama anayemshawishi mtu ashuke kwenye paa. “Acha Jumamosi ipite tu. Nakuomba Jumamosi peke yake. Kisha utanitukana, utaniitia wazee, nitakaa chini, nitakubali yote.”

Athanasie akaelewa ile pupa yote, na viatu safi, na ngozi ambayo ilipaswa kutupwa kabla ya nywele kutoka. Kabla ya harusi, ng’ombe wa mahari bado anaweza kuulizwa ametoka wapi. Baada ya harusi, bibi arusi akishalala kwa mumewe, ng’ombe yule hana tena historia. Hakuna mzee atakayekubali kumtoa. Jumamosi ikipita, Gaju atakuwa wa Munigi mpaka afe, na yeye atabaki na vitundu viwili vya kupe.

“Bénita!” aliita.

Msichana wa miaka kumi na mitatu akatoka ndani haraka mno. Alikuwa nyuma ya pazia muda wote.

“Wachukue wadogo zako mukae kwa Mukamugema. Mukule kule. Mimi nitarudi kesho.”

“Unaenda wapi, mama?”

“Kwa ng’ombe.”

Aliivingirisha ngozi ikiwa mbichi vilevile, maji yakimchuruzika miguuni, akaisukuma ndani ya gunia lilelile iliyokuja nalo. Nsengimana alisimama mlangoni mwa uwanja. Alikuwa mrefu kuliko yeye kwa kichwa kizima.

“Utavunja harusi ya mutu, Athanasie. Ile binti alikukosea nini?”

“Hakunikosea. Mulimudanganya sawa mimi. Toka.”

Nsengimana akatoka njiani.

Dereva wa pikipiki alikunja pua. “Mama, umebeba nini humu?”

“Ushahidi. Twende Munigi.”

Kwa Twizeyimana palikuwa na uwanja mpana wenye ua wa miti, na tayari turubai la harusi lilikuwa limefungwa upande mmoja. Wanawake walikuwa wanachambua mchele. Katikati yao, juu ya mkeka, Umutesi, bibi arusi, alikuwa anasukwa, nusu ya kichwa imekwisha, nusu nywele zimesimama. Alipomwona Athanasie uso wake ulifunguka. “Mama, karibu! Umekuja kutusaidia?”

Athanasie alimpita, akaenda mpaka kwa mzee aliyekaa kwenye kiti chini ya ukuta. Akamsalimia kwa mikono miwili, kama inavyopasa, kisha akafungua gunia, akaitandaza ngozi miguuni pake.

“Muzee, ng’ombe ya mahari mulionyeshwa, ni yangu. Baba yangu alinirudishia. Waliniletea hii, wakasema imekufa. Angalia mwenyewe mahali ya alama. Na ile iliyo hai, shika bega ya kushoto, chini ya nywele. Utakuta mushono wangu. Ni nyuzi saba.”

Wanawake waliacha mchele. Twizeyimana aliinama akaligusa lile tundu kwa fimbo yake, akainuka kwa shida, akaenda nyuma ya nyumba. Hakukaa sana. Aliporudi uso wake ulikuwa umefungwa.

“Iko,” alisema. Kisha akakaa tena kitini: “Mama, mimi sikujua. Lakini ujue kitu kimoja. Ile ng’ombe ikitoka hapa, hakuna Jumamosi. Mimi sitoi mutoto kwa watu waliokuja na ng’ombe ya kuiba. Nitawaambia watu warudi kwao, na jina ya binti yangu itabaki mu midomo yao.”

“Najua, muzee.”

“Unaweza kuiacha. Tuongee, wewe na mimi. Nitakushukuru maisha yangu yote.”

Umutesi alikuwa amesimama kwenye mkeka, mkono mmoja umeshika nusu ya kichwa ambayo haijasukwa. “Mama,” alisema, “mimi nimekosa nini?”

Athanasie alimtazama. Alikuwa na miaka ishirini, si zaidi, na angekwenda Jumamosi katika nyumba ya mtu anayejua kupiga magoti na kulia. Angeweza kumwambia hilo. Angeweza kusema kwamba siku moja atashukuru. Hakuwa na hakika, na hakupenda kumwambia mgonjwa jambo ambalo hana hakika nalo.

“Weye hukukosa kitu,” alisema. “Kosa haiko yako. Lakini ng’ombe ni yangu.”

Akaenda nyuma ya nyumba. Gaju alikuwa amefungwa kwenye nguzo, amenenepa, anatafuna majani ya ndizi, na hakumtambua. Fundo lilikuwa gumu; alilifungua kwa meno. Alipomvuta kupita uwanjani, hakuna aliyezuia, hakuna aliyesema kwaheri. Mmoja wa wanawake alikuwa amekwisha anza kufungua kamba za turubai.

Nje, barabara ilikuwa na pande mbili. Upande wa chini ulikwenda Goma, kwenye mawe, kwa Nsengimana. Upande wa juu ulikwenda Kibumba, kwa dada yake Olive, kwenye nyasi; kesho angeshuka kwa watoto, kama alivyomwambia Bénita. Athanasie alizungusha kamba mara mbili mkononi, akamgeuza ng’ombe, wakaanza kupanda.